Tangu Leo

Crooked Fork, ng'ambo ya milima
9 Machi 1794

Mdogo wangu Ninian,

Nyumba nzima inakusalimu. Sisi tu wazima, tukiacha jino la Gavin ambalo halitaki kung'oka wala kutulia, na binti yangu Jennet anayekohoa tangu theluji ya kwanza. Ile homa ya manjano ya mwaka jana tulisikia imezoa nusu ya mtaa wenu, na mpaka barua yako ya Novemba iliponifikia mwishoni mwa Januari nilikuwa nimekwisha kukulilia mara mbili. Mpe wifi yangu Hester pole ya kufiwa na mama yake. Mwambie namkumbuka katika sala, hata kama yeye hanikumbuki katika zawadi.

Umeniuliza tena kama Gavin ameandikisha mtambo wake wa wiski serikalini, na kama analipa ushuru. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa. Ndama ni jike, ana doa jeupe puani.

Sasa nikuambie ya moyoni, maana wewe na wenzako ndio mlioupika ushuru huu huko Hazina, na sisi ndio tunaoula. Wewe umekulia huku, unajua kwamba nafaka yetu haivuki milima. Farasi akibebeshwa magunia, nusu anakula mwenyewe njiani. Lakini nafaka ile ile ikigeuzwa wiski, farasi yule yule anabeba mapipa mawili na kurudi na chumvi, misumari na kitambaa. Wiski ndiyo fedha yetu. Fundi viatu tunamlipa wiski, na mchungaji tunamlipa wiski, naye hajawahi kuikataa. Ninyi mnataka sarafu. Mwaka huu nimeona sarafu moja tu, nayo ilikuwa imetobolewa ivaliwe shingoni.

Hilo tungelivumilia, tumevumilia makubwa zaidi. Lisilovumilika ni wito wa mahakama. Mtu akishtakiwa kwa ajili ya ushuru anaitwa Philadelphia, nusu mwezi kwenda na nusu mwezi kurudi, tena huitwa wakati wa mavuno kana kwamba mmepatana na mvua. Adam Beattie aliitwa Agosti iliyopita. Akaonekana hana hatia. Akarudi na cheti chake cha kutokuwa na hatia akakuta nafaka imeozea shambani, na kabla ya baridi shamba lenyewe likapigwa mnada.

Tafuta namna, Ninian. Watu wahukumiwe huku huku wanakojulikana. Gavin hasemi kitu, lakini namwona anavyozunguka uani. Tukiitwa Philadelphia mara moja tu, shamba letu limekwenda.

Dada yako asiyechoka kukusumbua,
Isobel Tarbet


Philadelphia
10 Juni 1794

Dada Isobel,

Barua yako ya Machi imenifikia juzi juzi tu, imelowa kama soksi. Aliyeileta ameapa kwamba mito yote imefurika na hakuna haja ya kumlaumu, basi sikumlaumu, nikampa bia. Hester hajambo isipokuwa kichwa chake. Tumepaka nyumba chokaa upya tangu ile homa. Mimi silali vizuri. Hester anasema nimekuwa farasi wa kinu, nazunguka chumba kile kile hadi ubao umeanza kulia.

Najua unanicheka na hesabu zangu. Lakini kumbuka tulipotoka Ulster baba alikuwa na deni la nauli ya meli, na jinsi alivyokuwa akipita nyuma ya maduka ili asikutane na mtu. Nchi hii imeshinda vita kwa mkopo, dada. Askari wanaidai, wajane wanaidai, Waholanzi wa Amsterdam wanaidai. Nchi inayopita nyuma ya maduka si nchi, na dawa ya deni kulipa. Ila nami nimewaambia wakubwa zangu kwamba haitoshi kukusanya. Kila senti inayoingia na inayotoka ichapishwe kila mwaka kwa maneno mepesi, mkulima wa Crooked Fork aisome na kuuliza maswali. Walicheka. Nitawachosha mpaka wakubali.

Sasa habari njema. Sheria imepita wiki iliyopita: kesi za ushuru zitaweza kusikilizwa huko huko kwenu. Kifungu hicho nimekiandika mimi, na kura zake nimeziomba mlango kwa mlango, mpaka kwa watu nisiokaa nao meza moja.

Na hili la pili limenifanya nikae chini kwa furaha. Mzee Pollock, mkusanyaji wa ushuru wa kwenu, ameniandikia kwamba katika bonde lenu zima amelipwa na mtu mmoja tu, naye ni shemeji yangu Gavin Tarbet. Kwa nini ulinificha, Isobel? Nimelitaja jina lake mbele ya wakubwa. Mtu mmoja mwaminifu katika bonde zima! Watu wananinong'oneza kwamba huenda mwakani nikapewa Idara yote ya Mapato. Tutawakumbuka waliosimama nasi.

Ndugu yako,
Ninian Carrick


Crooked Fork
4 Agosti 1794

Mdogo wangu Ninian,

Tupo. Jennet ameacha kukohoa. Jino la Gavin limeng'oka, na nitakueleza lilivyong'oka.

Barua yako ya Juni sikuisoma. Nilisomewa, pamoja na watu wapatao hamsini, nje ya kinu cha nafaka. Vijana walimvizia mbeba barua njiani wakamnyang'anya mfuko, wapate kujua nani anawaandikia wakubwa. Aliyesoma ni Lachlan Speer, jirani yetu wa upande wa kijito, kwa ile sauti yake ya mimbarini. Alipofika kwenye jina la Gavin alilisoma mara mbili. Alipofika kwenye mtu mmoja mwaminifu katika bonde zima watu walicheka, kisha hawakucheka tena.

Unauliza kwa nini nilikuficha. Ndiyo hii sababu. Gavin aliuza saa ya marehemu baba yake akalipa kimya kimya, kwa kuwa anasema sheria mbaya ni sheria mpaka ifutwe. Alinikataza nisimwambie mtu, na hasa wewe, maana anakujua: furaha yako haina mlango.

Kisha walikuja kwetu wamejipaka masizi usoni. Huku wote wanajiita jina moja, Fundi Bati, na husema wamekuja kuziba mtambo wa mtu anayelipa. Wa kwetu waliuziba kwa risasi, shaba yote ikawa matundu. Gavin alisimama mlangoni akawaamkia mmoja mmoja. "Karibu, Lachlan. Adam, mkeo ameamkaje?" Aliwataja wote, pamoja na masizi yao. Hapo ndipo jino lilipong'oka.

Risiti ya ushuru wakaichoma mbele yake. Siku mbili baadaye wakaichoma nyumba ya Pollock pamoja na vitabu vyake, na mzee wa watu ametoroka kwa mtumbwi akiwa na kofia ya kulalia. Barua yako Speer aliwashia kiko. Kwa hiyo leo hakuna karatasi duniani inayosema kwamba mume wangu alilipa.

Na ile sheria yako njema? Ilipita Juni. Hati za wito zimekuja Julai, na kila moja inamwita mtu Philadelphia. Inaonekana karani fulani alizijaza kabla sheria haijaanza, akaona hasara kuzichana. Watu wanasema mmewachezea. Pale kinuni waliniuliza mimi, dada yako, kwa nini. Wewe unalo jibu?

Usiniandikie tena habari za Gavin. Niandikie habari za kichwa cha Hester.

Isobel


Philadelphia
24 Agosti 1794

Dada Isobel,

Kichwa cha Hester hakijambo.

Sina jibu la zile hati. Niliposoma barua yako nilitoka bila kofia nikaenda hadi gatini, nikarudi, nikaenda tena. Mwambie Gavin naona aibu, na kwamba mtambo nitamlipia. Au usimwambie, nadhani atakasirika.

Sikiliza sasa, kwa sababu hili ni kubwa kuliko aibu yangu. Serikali imetuma wajumbe kuja kusema nanyi kabla mambo hayajaharibika kabisa. Wamekubali kusamehe yote yaliyopita, mradi kila mwanamume wa huko atie sahihi ahadi. Maneno ya ahadi hiyo niliombwa niyaandike mimi. Wenzangu walileta kurasa mbili za kutubu na kulaani. Nimezikata ukabaki mstari mmoja: Naahidi kwa dhati kwamba tangu leo nitatii sheria za Marekani. Basi. Hakuna anayeulizwa jana alifanya nini, hakuna anayelazimishwa kumtaja jirani yake. Mtu anaifunga jana na kuifungua leo. Sijawahi kuandika kitu ninachokipenda hivi, hata katika hesabu.

Kutia sahihi ni siku moja tu, tarehe kumi na moja Septemba, kila wilaya mahali pake. Atakayetia sahihi hataguswa. Asiyetia atahesabiwa mwasi, hata kama alikuwa amelala. Siwezi kuandika zaidi, ila huku washoni wote wa mjini wanashona mahema ya askari.

Mpeleke Gavin mezani. Akikataa, mburute.

Ninian


Crooked Fork
13 Septemba 1794

Mdogo wangu Ninian,

Viazi vimekubali mwaka huu. Jennet amepata mchumba, au anadhani amepata. Kijana mwenyewe bado hajaarifiwa.

Gavin hakutia sahihi.

Meza iliwekwa kinuni. Lachlan Speer alikuwa wa kwanza kwenye foleni, yeye aliyechoma nyumba ya mtu, akatia sahihi huku anapiga mluzi. Akafuata Adam Beattie, wakafuata wote wenye masizi. Gavin alipofika aliisoma karatasi, akaisoma tena, akamwomba mzee wa meza afute maneno mawili. Mzee akasema hana ruhusa ya kugusa hata nukta, maneno yametoka Philadelphia na yameandikwa na mtu mwenye akili. Watu wakaguna, maana wanajua ni nani. Gavin akavaa kofia yake akatoka.

Nikamkimbilia barabarani, nikamwambia wote wametia, hata Speer.

"Speer anaweza," akasema. "Kwake ni kweli, tangu leo atatii. Mimi nikisema tangu leo, jana nilikuwa nani?"

Nikamwambia ni maneno tu.

"Kiapo ni maneno tu, Isobel. Hakina kitu kingine ndani yake."

Nikalia, Ninian, na unajua mimi si mtu wa kulia njiani. Nikamwambia afanye kwa ajili yangu. Alinishika mkono, akasema kwa ajili yangu angekiri hata kwamba ameua mtu, kama ingekuwa kweli.

Utamwita mkaidi, na mkaidi ndiye. Lakini wewe umekaa kanisa lile lile alilokaa yeye. Unajua babu zake walioza gerezani kule Uskoti kwa sababu ya neno moja la kiapo cha mfalme ambalo hawakuliamini. Wengine walilelewa kwa maziwa, Gavin alilelewa kwa habari hizo. Ungemwandikia faini angelipa. Ungemwandikia adhabu angekwenda. Umemwandikia uongo, mstari mmoja tu, mfupi, mzuri, na huo hawezi kuumeza. Wamo wengine wawili wa namna yake, wazee wa kanisa, nao wamerudi nyumbani bila kutia.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuomba hivi. Neno ni lako, lifute. Mwandikie mzee wa meza kwamba Gavin Tarbet aondolewe "tangu leo" na aahidi kutii, kama anavyotii siku zote. Barua hiyo ikivuka milima kabla ya askari, mume wangu atakaa nyumbani. Askari wakitangulia, watamchukua. Sina la kuongeza.

Dada yako,
Isobel


Philadelphia
2 Oktoba 1794

Dada Isobel,

Mvua haikatiki. Bei ya unga imepanda. Nimehamishiwa chumba kikubwa zaidi, chenye dirisha linalotazama bustani, na Hester ameanza kunifumia soksi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kuhusu uliloniomba. Maelfu wametia sahihi kwa maneno yale. Nikiyafuta kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo akiwa shemeji yangu, watasema ushuru wa nchi hii ni shauri la ukoo wa Carrick. Ninao watu wanaongoja nijikwae. Uteuzi wa Idara utatangazwa Desemba, na baada ya hapo nitaweza kufanya mengi. Gavin hawezi kushuka na mto akakae Kentucky mpaka baridi iishe? Si ana binamu huko?

Nina safari ya kikazi. Nitakuandikia nikirudi.

Ninian


Crooked Fork
17 Novemba 1794
Kwa Bwana Carrick wa Hazina, kambini, Pittsburgh

Ninian,

Salamu sina. Jennet analia na ng'ombe hawajakamuliwa, ndizo habari za nyumbani.

Walimchukua Alhamisi asubuhi, akiwa anakula uji wa mahindi. Walimpa nafasi ya kuvaa kiatu kimoja, cha pili nikawakimbilia nacho. Wamewaweka kwenye zizi la magogo lisilo na paa, yeye na wale wazee wawili wa kanisa na wengine, na theluji inawaangukia. Nilimpelekea blanketi, mlinzi akajifunika yeye. Nikapeleka jingine. Aliyewaonyesha askari njia ya kwetu ni Lachlan Speer. Naye analindwa na karatasi yako, ameikunja vizuri anatembea nayo mfukoni.

Kuna askari mmoja wa New Jersey, mwana wa watu, ana adabu. Ameniambia majina ya wafungwa yanaandikwa na bwana mmoja wa Hazina, mfupi, asiyekaa kitini, mikono nyuma wakati wote. Sikumwacha amalize. Safari ya kikazi! Uko saa chache kwa farasi kutoka hapa. Umelala siku zote hizi karibu na sisi, umekula, umeandika jina la mume wangu kwa wino, na hukuja hata kuniambia uso kwa uso kwamba hutaki kusaidia.

Keshokutwa wanapelekwa Philadelphia kwa miguu, na milima imekwisha kuwa myeupe. Gavin hana tena miguu ya kijana. Hatafika, na wewe unajua hatafika.

Hii si barua ya kuomba. Nimeomba, nikajibiwa bei ya unga. Nakuarifu tu: akifia njiani, usije kwenye mazishi.

Isobel


Pittsburgh
19 Novemba 1794

Dada Isobel,

Anayekupa karatasi hii ndiye jibu la barua yako. Mwingize ndani kwanza, mkalishe karibu na moto lakini si karibu sana, na mguu wa kushoto mvue taratibu, kuna vidole viwili ambavyo sikuipenda rangi yake. Halafu usome. Yeye hatakusimulia, namjua, kwa hiyo nasimulia mimi.

Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba Gavin yumo zizini. Jina lake nililiandika kwa mkono wangu. Nilijiambia nangoja Desemba, nikajiambia hivyo asubuhi na jioni huku nikizunguka chumba, mpaka mwenye nyumba akapanda kuuliza kama kuna mgonjwa. Sikuwa nangoja kitu, Isobel. Nilikuwa naogopa. Barua yako ilinikuta nina kijiko mkononi, na nilipofika kwenye mazishi nikakiweka chini, nikaona kwamba nimeogopa vya kutosha.

Nilichukua karatasi ya kiapo nikayakata yale maneno mawili, nikaandika jina langu pembeni, nikaenda nayo zizini. Gavin aliisoma kwa muda mrefu akiwa amesimama. Hakuniamkia. Aliniuliza, "Na hawa wawili?" Nikamwambia nimekuja kwa ajili yake. Akanirudishia karatasi. Basi nikarudi mjini nikakata nyingine mbili, na theluji ikinipiga usoni nikawa namtukana shemeji yangu kwa matusi yote ya utotoni, na nilipofika nilikuwa nimekwisha kumpenda. Wakatia sahihi wote watatu.

Jaji aliyekuja na jeshi ni mtu mpole, tumekula naye mara nyingi. Aliziangalia zile karatasi, akamwita Gavin na wenzake ndani wapate joto, kisha akaniambia, "Bwana Carrick, nikizipokea hizi, watu hawa wanakwenda nyumbani leo. Lakini umeharibu kiapo cha serikali mahali palipo na uasi, na jina lako umeliandika mwenyewe, siwezi kusema sikuliona. Ama uongozane na wafungwa hadi Philadelphia ukajibu huko, ama utie sahihi hapa kama waasi wengine." Akanisogezea karatasi safi.

Mstari ule nimeuandika mimi. Nimeupima, nimeusifia, nimeulalia. Sikuwahi kuusoma nikiwa nimeshika kalamu ya kuutilia sahihi. Naahidi kwa dhati kwamba tangu leo. Nilitaka kumwambia jaji ngoja kwanza, mimi nimeitumikia sheria tangu nikiwa kijana, uliza mtu yeyote, jana mimi sikuwa mwasi. Nikainua macho, nikamwona Gavin karibu na mlango, blanketi mabegani, ananitazama. Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu.

Nikatia sahihi. Yeye alikuwa akitii siku zote. Mimi nilikuwa nimetoka kuivunja sheria asubuhi ile ile, kwa kisu cha kuchongea kalamu. Katika chumba kile kizima mimi peke yangu ndiye ambaye maneno yale yalikuwa ya kweli kwake.

Mtu mwenye sahihi kwenye karatasi za waasi hapewi Idara ya Mapato, wala haachwi Hazina. Nimewatangulia, nimeandika kujiuzulu kabla ya kuandika hii. Hester bado hajui. Cheo kinaniuma kidogo. Kinachoniuma kweli ni zile hesabu za kila mwaka za kuchapishwa watu wazisome. Zilikuwa zimebaki hatua chache, na sasa zitakaa sandukuni mwa mtu ambaye hatazifungua.

Nilimwomba Gavin nifuatane naye. Akasema njia ni ya wote. Nikamwuliza, na nikifika nitafunguliwa? Akasema hilo hawezi kuliahidi, kwa kuwa si yeye atakayefungua.

Kwa hiyo nimebaki hapa, nyumba ya wageni iliyo karibu na kivuko. Nitumie jibu na yeyote anayepita, hata likiwa neno moja. Farasi nimekwisha kumtandika, amesimama uani, nami kila nikishuka nakuta nimemgeuza upande mwingine, mara wa kwenu, mara wa Philadelphia.

Mdogo wako,
Ninian